Nimesingiziwa kula fedha za kikundi. Nilipe yaishe?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, huu mwaka wa sita. Rambirambi tuliyomchangia mwenzetu aliyefiwa haikumfikia. Mimi nilimkabidhi mwenyekiti mkononi, Jumamosi jioni, mlangoni kwake. Sikumsainisha, maana tunasali pamoja na tunaaminiana. Leo anasema hakumbuki kupokea kitu, na mimi nimekuwa mwizi. Jumapili iliyopita nilipoketi kwenye benchi, mama aliyekuwa pembeni yangu aliunyanyua mkoba wake taratibu, akauhamishia upande wa pili. Mume wangu anasema nilipe yaishe. Dada yangu anasema niandike hati ya makabidhiano yenye tarehe ile, niige saini ya mwenyekiti, kwani fedha si nilitoa kweli? Nimechoka, Shangazi. Nifanyeje?*

*Niliyepakwa Matope*

Marahaba, mwanangu.

Huo mkoba umenikaa kichwani tangu nisome barua yako. Maneno ya kikaoni mtu huyajibu. Mkoba utaujibuje?

Nianze na dada yako, maana ushauri wake ndio mtamu kuliko wote na ndio utakaokumaliza. Hadi leo, katika jambo hili zima, wewe hujasema uongo. Siku utakayoketi mezani na kalamu, ukajaribu kuzungusha herufi kama mwenyekiti anavyozizungusha, hilo nalo utakuwa umelipoteza, tena kwa mkono wako. Hati ikigundulika (na mtu huijua saini yake) hakuna atakayeuliza tena kama fedha ulizitoa. Lakini hata isipogundulika, saini ya mtu ni neno lake. Ukiiga, umemtia kinywani neno ambalo hakulisema. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuwaachia mlango wa nyuma wale wanaojijua kuwa wana haki.

Mume wako namwelewa. Anaona mkewe halali usiku, anatafuta njia ya mkato. Ila ukilipa kimyakimya, kila mtu atasoma malipo hayo kuwa ni kukiri, na kukiri kosa usilolitenda nako ni uongo, ingawa kanisani tunapenda kukuita unyenyekevu. Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, walimbana alipokuwa mashakani, sura baada ya sura: tubu tu, mambo yako yatanyooka. Akakataa katakata. Katika sura ya 27 anaapa kwamba hata kufa hatauacha uelekevu wake. Na kitabu kinapoishia, wanaokemewa na Mungu kwa kutonena yaliyo sawa ni wale washauri. Kama unataka kumshika mkono mfiwa kwa fedha yako, mpe, tena useme mbele za watu kwamba huo ni mchango wako wa pili, si deni unalolipa.

Utasikia pia wa kukuambia unyamaze kwa sababu Yesu alinyamaza. Ni kweli, alinyamaza mbele ya mashahidi wa uongo. Lakini usiku uleule, mtumishi alipompiga kofi, hakunyamaza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya." Alidai ushahidi. Paulo naye alipoona haki haipatikani alikata rufani kwa Kaisari. Kujitetea si dhambi.

Mimi ningependa umsome Hana, 1 Samweli 1. Anaomba kwa uchungu, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli anamtazama kinywa na kuamua kwamba amelewa. Fikiria: umekwenda kulia mbele za Mungu, mchungaji anakuambia uache pombe! Hana hakukimbia, na wala hakumtukana mzee wa watu. Alisema hasha, bwana wangu, sikunywa divai wala kileo, nina huzuni rohoni. Maneno machache, ya heshima, na hayana hata chembe ya kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo. Eli akambariki. Nimetafuta mahali aliposema samahani, sikupaona.

Kwa hiyo zungumza, ila anza na lililo lako. Ulitoa fedha za watu bila kusainisha. Hilo ni kosa, mwanangu, na kusali pamoja hakulifuti. Paulo aliposimamia mchango wa waumini hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba wengine walitumwa pamoja ili asiwepo wa kuwalaumu, na huyo alikuwa mtume. Ukilikiri hilo wewe kwanza, bila kulipamba, hutakuwa na cha kuficha watakapokuuliza mengine.

Kisha sema ulichokifanya: siku, saa, mlango, ulichovaa kama unakikumbuka, nani alikuona ukitoka nyumbani na bahasha. Ishia hapo. Usiseme mwenyekiti ni mwizi. Huenda anadanganya, na huenda pia amesahau kweli, bahasha iko ndani ya kabati chini ya vitenge. Wewe unajua mkono wako ulitoa, moyo wake huujui. Yusufu gerezani, alipomwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke, alisema tu kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania, na kwamba hakufanya neno lolote la kutiwa shimoni. Ndugu waliomuuza hakuwataja, wala hakumtaja mke wa Potifa, bwana wake, aliyemsingizia kwamba alitaka kulala naye. Mimi niliposingiziwa kazini, miaka mingi iliyopita, sikuwa na akili hiyo. Nilizunguka meza hadi meza nikijitetea, nikaishia kumtaja mwenzangu niliyemdhania. Hakuwa yeye. Nilikuwa nimeingia katika jambo lile nikiwa msafi, nikatoka nikiwa msingiziaji.

Nenda kwa mwenyekiti kwanza, wawili tu, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Mkumbushe jioni ile bila kumtega. Akishikilia lake, rudi na mtu mmoja au wawili wanaoaminika kwenu wote. Baada ya hapo omba kikao na mchungaji, ubebe daftari zote za miaka sita, si ukurasa huo mmoja. Omba zikaguliwe, na muhtasari uandikwe. Hadi siku hiyo, usilijibu hili kwenye kundi la simu, hata wakikuchokoza usiku wa manane. Cheo usikiachie leo. Wakikuomba ukae pembeni ukaguzi ufanyike, kaa pembeni na ukabidhi kila kitu kwa saini.

Sikuahidi kwamba utasafishwa. Nabothi, yule mwenye shamba la mizabibu ambalo mfalme Ahabu alilitamani, alishuhudiwa uongo na watu wawili akapigwa mawe, akafa. Yusufu alipouzwa alikuwa wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, na hata alipopanda juu, kitabu cha Mwanzo hakituambii kama Potifa aliwahi kuambiwa ukweli. Inawezekana kuna nyumba moja Misri ambamo aliendelea kuitwa mhuni. Kwako pia huenda wakabaki wawili watatu watakaosema lisemwalo lipo, methali ninayoichukia kuliko zote, maana inamhukumu mtu kwa kelele za wengine. Hao wasikufanye uiguse ile kalamu ya dada yako.

Na Jumapili nenda, benchi lilelile. Yule mama wa mkoba msalimie kwa jina lake, kisha fungua kitabu cha nyimbo. Uniandikie baada ya kikao, hata kama hakikwenda vizuri.

Shangazi yako