Midoli ya Watoto, Umbo la Mwili na Malezi ya Binti na Mvulana

SWALI

Assalamu alaykum, Sheikh. Binti yangu ana miaka 7, na midoli yake yote ni ya plastiki, myembamba, yenye nywele ndefu zilizonyooka. Siku hizi anasukuma sahani kwa kusema kwamba tumbo lake ni kubwa, na ameniuliza kama nywele zake zitanyooka atakapokua. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 4, hupenda kumbeba mdoli mmoja na kumbembeleza alale. Baba yao humnyang'anya, akisema huko ni kujifananisha na wanawake. Mama mkwe wangu naye anasema midoli yote ni masanamu na itupwe. Nifuate lipi?

JIBU

Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, dada yangu, nitaanza na neno la mkweo kwa sababu ndilo ambalo wanachuoni wamelizungumza zaidi.

Hofu yake ina asili katika dini, kwani zimepokewa hadithi sahihi zinazokataza kutengeneza sanamu za viumbe wenye roho. Hata hivyo, Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na kwamba wenzake walipojificha kwa haya alipoingia, Mtume mwenyewe aliwarudisha waendelee kucheza naye. Kwa hadithi hiyo wanachuoni walio wengi wamewatoa wanasesere wa watoto katika lile katazo. Wapo waliosema kuwa ruhusa hiyo ilifutwa baadaye, na wapo katika zama zetu wanaochukizwa na wanasesere wa plastiki walioumbwa kila kiungo kwa ukamilifu. Mkweo akiishika kauli hiyo, aheshimiwe. Mimi naiona ruhusa imebaki, kwa hiyo sikuamuru uitupe midoli.

Lakini kuruhusiwa kwa kitu hakumwondolei mzazi wajibu wa kukitazama kinafundisha nini, na hapa ndipo swali lako linaponigusa zaidi. Mwanasesere wa Bibi Aisha hakumwonyesha mtoto umbo la kulitamani. Huyu wa leo ametengenezwa kiwandani kwa umbo moja, akauzwa dunia nzima. Mwanasesere mashuhuri kuliko wote, Barbie, alitolewa Marekani mwaka 1959 akiwa na kiuno ambacho mwanamke mwenye afya hawezi kuwa nacho. Mwaka 1965 alitolewa mmoja mwenye mizani ya kupimia uzito, mshale wake ukiwa umewekwa kwenye ratili 110, yaani kilo 50 hivi, pamoja na kitabu kidogo cha kupunguza uzito ambacho ushauri wake ulikuwa: usile. Tafakari, dada yangu, kwamba maneno hayo yalitiwa katika mchezo wa watoto. Kampuni inayomtengeneza ilikuja kuongeza maumbo mengine mwaka 2016, yakiwemo ya mwili ulionenepa kidogo, lakini huo ni muda wa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 2006 ulichapishwa nchini Uingereza utafiti juu ya wasichana 162 wenye umri wa kati ya miaka 5 na 8. Walioonyeshwa picha za mwanasesere huyo mwembamba waliridhika na miili yao kwa kiwango cha chini, na wakatamani zaidi wembamba, kuliko wale walioonyeshwa mwanasesere mnene au picha zisizo na mwanasesere yeyote. Athari hiyo ilikuwa wazi kwa wale wadogo kuliko kwa wakubwa wao. Sisemi kwamba mdoli peke yake ndio uliomfanya binti yako asukume sahani, kwani mtoto huona na kusikia mengi. Wala wavulana hawajasalimika, maana wanasesere wa askari na mashujaa wanaouzwa kwa ajili yao wameongezwa misuli mwaka hadi mwaka, hadi wamefikia vifua na mikono ambayo haipatikani kwa mazoezi.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratut Tin kwamba amemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora kabisa, na neno hilo linamkusanya mwembamba na mnene, mwenye nywele za kipilipili na mwenye nywele za singa. Msomee binti yako aya hiyo, kisha msimulie habari ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), aliyepanda mti na masahaba wakacheka kwa wembamba wa miguu yake. Mtume (s.a.w.) hakuwasaidia kucheka, wala hakumshauri Ibn Mas'ud aifunike miguu hiyo. Aliwaambia, kwa maana ya hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, kwamba katika mizani ya Siku ya Kiyama miguu hiyo ni mizito kuliko mlima Uhud. Mtoto wa miaka 7 anaielewa habari hii vizuri sana.

Kuna jambo nakuomba ulichunguze bila kujilaumu: je, wakubwa wa nyumba hiyo husemaje juu ya miili yao na ya watu wengine watoto wakisikia? Mama anayejitazama kwenye kioo akiulalamikia unene wake, au shangazi anayemsifu mtoto mmoja kwa weupe mbele ya mwenzake, hufundisha kwa nguvu ambayo mdoli hauna. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kudharauliana, na wanawake wakatajwa humo mahususi wasiwadharau wanawake wenzao. Dharau ya mtu kwa mwili wake mwenyewe, ikisemwa mbele ya mtoto, huzaa matunda hayo hayo. Na ikiwa kukataa chakula kutaendelea, mpeleke kwa daktari bila kuchelewa, kwani Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake.

Ama kuhusu mwanao wa kiume, hadithi ya kuwalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume, ni sahihi na imo katika Bukhari. Wanachuoni wameifasiri kwa yale yanayohusu jinsia moja pekee, kama vile mavazi, mapambo, na namna ya kusema na kutembea, kwa mtu anayefanya kwa kukusudia. Mtoto wa miaka 4 hajafikia umri wa kuandikiwa dhambi. Hata tukisema kwamba mzazi anapaswa kumzoesha mapema, inabaki tuulize kama kumbembeleza mtoto ni jambo la wanawake peke yao. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba Umama, mjukuu wake, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Al-Aqra' bin Habis alipomwona akimbusu Hasan, alisema kuwa ana watoto 10 na hajapata kumbusu hata mmoja, naye akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Mwambie mumeo, kwa upole na mkiwa peke yenu, kwamba mvulana huyo anajizoeza ubaba.

Binti naye asifungiwe katika kupamba na kupika tu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wasichana wa miaka 4 hadi 7 waliocheza na mwanasesere yule mwembamba walisema kuwa kazi wanazoweza kuzifanya wao ni chache kuliko zile wanazoweza wavulana, na pengo hilo lilikuwa dogo kwa waliopewa mwanasesere wa umbo la kiazi. Nasi tunaye Ummu Atiyya (r.a.), aliyetoka na Mtume (s.a.w.) katika vita 7 akiwatibu majeruhi. Na katika michezo ya Bibi Aisha mwenyewe, kama alivyopokea Abu Dawud, mlikuwa na farasi wa mbawa mbili za kitambaa. Mtume alipomuuliza vipi farasi awe na mbawa, alimjibu: hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Binti huyo alikuwa akicheza na huku akitoa hoja, na Mtume akafurahi.

Sasa ufanye nini? Usiipore midoli ghafla, maana mtoto ataiona kuwa adhabu kwa swali alilokuuliza. Wala usidhani kwamba ukinunua mdoli wenye hijabu umelimaliza tatizo: Fulla, aliyeanza kuuzwa mwaka 2003 katika nchi za Kiarabu, amevaa vazi la heshima juu ya mwili ule ule mwembamba. Masahaba waliwatengenezea watoto wao vitu vya kuchezea kwa sufi, wakiwapa walipolilia chakula siku ya funga ya Ashura. Nawe shona na watoto wako wawili wanasesere wa kitambaa, wenye miili na nywele kama za watu mnaoishi nao, na mwombe mumeo akae nanyi mnaposhona.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.