Merck ya Darmstadt na Merck ya Marekani
Je, Merck ya Darmstadt, Ujerumani, na Merck ya Marekani ni kampuni moja ya dawa, na je, Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, anahusika nazo? Hapana, siyo kampuni moja, ila ukoo ni mmoja. Ilianza na duka la dawa ambalo Friedrich Jacob Merck alilinunua Darmstadt mwaka 1668. Mwaka 1891 kijana wa ukoo huo, George Merck, akaenda New York kusimamia tawi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, serikali ya Marekani ikataifisha hisa za Wajerumani, na tangu hapo kila mmoja na lwake. Ndiyo maana Merck ya Wajerumani hutumia jina EMD ikiwa Marekani na Kanada, na ile ya Wamarekani hutumia jina MSD kwingineko kote.

Kwetu tofauti hii si ndogo: dawa ya praziquantel ya msaada wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho hutoka kwa Merck ya Darmstadt, kupitia Shirika la Afya Duniani (WHO). Dawa ya ivermectin ya usubi, inayotolewa bure tangu 1987, ni ya Merck ya Marekani. Tusiwachanganye tunapowashukuru.

Na Angela Merkel hayumo kabisa. Jina lake lina herufi nyingine, na alilipata kwa mume wake wa kwanza.