Maswali na Majibu: Bendera Nyekundu Inakaa Wapi Katika Boti Yako?

Tangu upepo wa kusi uliposhika, nimepokea maswali mengi, likiwamo la pingamizi, yaani malalamiko rasmi ambayo ishara yake ni bendera nyekundu, kutoka kwa manahodha wanaoshindana kwa boti za safari, yaani zile boti za matanga zenye vitanda, jiko na matangi ya maji, ambazo Jumamosi huingia katika mbio za klabu na Jumapili huwapeleka watoto kuogelea kisiwani Bongoyo. Kanuni ninazozitaja ni zile za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, za miaka 2025 hadi 2028, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, na zinapatikana bure. Nimetaja namba zake kwa makusudi, ili mwulizaji akasome mwenyewe, kwa kuwa mengi ya maswali niliyoyaacha yalikwisha kujibiwa katika Maelekezo ya Mbio ambayo kila mshiriki hupewa kabla ya kuanza.

*Tulikuwa tunabisha, yaani tukienda kinyume cha upepo kwa kugeuza boti kushoto na kulia, kuelekea boya la juu, lile la upande unakotoka upepo, mimi nikipokea upepo ubavu wa kushoto. Mwenzangu alikuja akipokea upepo ubavu wa kulia, akapiga kelele nimpishe, ingawa mimi nilikuwa mbele. Nani alikuwa na haki?*

Yeye. Kanuni ya 10 haiulizi nani yuko mbele. Inauliza upepo unaingia ubavu gani, na anayeupokea kushoto humpisha anayeupokea kulia. Kuwa mbele kuna maana pale tu boti zote mbili zinapopokea upepo ubavu mmoja: aliye nyuma humkwepa aliye mbele, na zikiwa sambamba, aliye upande wa joshi, unakotoka upepo, humpisha aliye upande wa demani, unakokwenda upepo. Nimeulizwa jambo hili kila msimu. Nahodha asiyezijua kanuni ya 10, ya 11 na ya 12 bila kufungua kitabu hapaswi kuusogelea mstari wa kuanzia akiwa na tani tano chini ya miguu yake. Mwenye haki naye asidhani kwamba amepewa kibali cha kugonga, kwa sababu kanuni ya 14 inamtaka kila mmoja aepuke mgongano pale inapowezekana.

*Honi ya kuanzia haikulia, au ililia kwa kuchelewa, nasi tukaanza nyuma ya wenzetu. Je, tuna haki ya kudai nafuu?*

Hapana. Muda huhesabiwa kwa bendera, na kanuni ya 26 inasema wazi kwamba kukosekana kwa sauti hakuhesabiwi. Bendera ya kundi hupanda zikiwa zimesalia dakika 5, ya maandalizi zikiwa zimesalia 4, hii ya pili hushuka ikiwa imesalia dakika 1, na ya kundi inaposhuka mbio zimeanza. Mpe baharia mmoja kazi ya kukitazama chombo cha kamati inayosimamia mbio, saa ikiwa mkononi, wala asipewe kamba yoyote ya kuvuta.

*Tulivuka mstari wa kumalizia tukiwa wa kwanza, dakika 7 mbele ya boti ndogo inayotufuata, lakini katika matokeo tumewekwa chini yake. Kamati inawapendelea wenye boti ndogo?*

Kamati imefanya hesabu. Boti za safari hazifanani urefu, uzito wala eneo la tanga, na zikishindanishwa kwa saa tupu, mwenye boti ndefu angechukua kikombe kila wiki hadi wengine wote wachoke na kubaki nyumbani. Kwa hiyo kila boti hupewa kizidisho chake, na muda iliotumia huzidishwa kwa namba hiyo. Mwulizaji ameniandikia takwimu zake: boti yake ina kizidisho cha 1.020 na ilitumia saa 1 na dakika 53, yaani sekunde 6,780. Boti ndogo ina 0.950 na ilitumia saa 2 kamili, yaani sekunde 7,200. Zidisha. Yako inakuwa sekunde 6,915.6 na ya mwenzako 6,840. Amekushinda kwa zaidi kidogo ya dakika moja na robo, tena kwa haki. Klabu zinazotumia mfumo wa Portsmouth hufanya hivyo kwa njia nyingine, yaani muda huzidishwa kwa 1,000 kisha hugawanywa kwa namba ya boti, lakini shabaha ni ile ile.

Maana yake ni kwamba mashindano yako hayaishi unapowapita wenzako. Ukiongoza kwa dakika 7 huku ukihitaji kuongoza kwa zaidi ya dakika 8, umeshindwa, na nahodha mwenye busara huijua namba hiyo kabla ya kuondoka bandarini.

Hapa sina budi kuongeza jambo ambalo sikuulizwa. Kizidisho hutegemea maelezo ambayo mwenye boti ameyatoa mwenyewe: tanga kubwa kiasi gani, spineka (tanga kubwa la mbele la kwenda na upepo) ipo au haipo, parapela (panga la mashine linaloisukuma boti majini) ya aina gani. Nimewahi kupita chini ya boti iliyopandishwa mchangani wakati wa kusugua chaza, nikaona parapela mpya ya kukunjika, mapanga yake mawili yamelala kama mbawa za ndege aliyetua, ilhali fomu ya boti hiyo ilitaja parapela isiyokunjika, yenye mapanga matatu. Parapela isiyokunjika huburuta maji safari nzima, na ndiyo sababu mwenye nayo hupewa nafuu. Kuendelea kuipokea nafuu hiyo baada ya kubadilisha parapela ni kuwaibia wenzako sekunde kwa sekunde, kila wiki, katika mbio ambazo wao wanaamini ni halali. Badilisha chombo, badilisha fomu siku hiyo hiyo.

*Je, tunaruhusiwa kutumia usukani wa kujiendesha? Tuko wawili tu. Na mashine tuizime kabisa?*

Bila ruhusa ya maandishi katika Tangazo la Mashindano au Maelekezo ya Mbio, usukani wa kujiendesha na winchi za umeme ni marufuku, kwa kuwa kanuni ya 52 inataka nguvu ya mabaharia peke yake. Klabu nyingi huilegeza kwa boti za safari. Soma kama yako imeilegeza. Mashine inaweza kuunguruma ili kuchaji betri mradi haiisukumi boti, na ukipanda fungu huruhusiwi kuitumia kujinasua isipokuwa maelekezo yameruhusu, ingawa kumsaidia mtu au chombo kilicho hatarini hakuhitaji ruhusa ya mtu. Wale wanaoshusha milango, mbao za sakafu na ngazi na kuziacha gatini ili boti iwe nyepesi wasome kanuni ya 51, ambayo inavitaja vitu hivyo kwa majina.

*Tuligusa boya kwa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Tujitoe?*

Hapana. Sogea mbali na wenzako mara moja, zunguka mara moja, mzunguko wenye kubisha mara moja na kugeuza kwa tezi mara moja, kisha endelea.

*Boti nyingine ilitukatiza kwenye boya, ikatugonga na kupinda nguzo ya uzio wa sitaha yetu. Nahodha wake ni rafiki yangu, akaahidi kulipa. Wenzangu wananiambia ningeweka pingamizi. Je, hilo halitavunja urafiki?*

Swali hili nimelisubiri kwa muda mrefu, na ninamshukuru aliyeliandika kwa uaminifu.

Mchezo huu hauna mwamuzi mwenye filimbi. Kamati imekaa kwenye mstari wa kuanzia, maili mbili kutoka mlipogongana, wala haikuona lolote. Kanuni zenyewe zinaanza kwa kusema kwamba anayevunja kanuni atajichukulia adhabu mara moja, au atajitoa. Kwa kosa la kumkatiza mwenzako adhabu ni mizunguko miwili. Kwa kosa lililosababisha jeraha au uharibifu mkubwa, au lililompa mkosaji faida kubwa hata baada ya kuzunguka, adhabu ni kujitoa. Rafiki yako, kama ulivyonieleza, hakuzunguka. Aliendelea, akamaliza wa pili, na boti mbili ambazo hazikumkosea mtu zikamaliza nyuma yake. Fedha atakazokulipa kwa ajili ya nguzo hazizirudishii boti hizo nafasi zao. Ndiyo maana jambo hili si la watu wawili peke yao, na ndiyo maana napinga kwa nguvu zangu zote desturi ya kuyamaliza mambo ya baharini mezani, kila mtu na glasi yake, wakati matokeo yamekwisha kubandikwa.

Pingamizi ni utaratibu wa kawaida, si tusi. Unaita kwa sauti neno "Protest" na, kama boti yako ina urefu wa mita 6 au zaidi, unapandisha bendera nyekundu, vyote viwili katika nafasi ya kwanza unayoipata, na bendera inabaki juu hadi umalize. Unaweza kuita kwa Kiswahili ikiwa inatarajiwa kwamba boti zote zinazohusika zitaelewa. Kiingereza hukubalika siku zote. Kisha unaandika: nani, wapi, nini kilitokea, na kuwasilisha ndani ya muda uliowekwa, ambao ni saa 2 baada ya boti ya mwisho kumaliza ikiwa maelekezo hayakusema vinginevyo. Kamati inawasikiliza wote wawili wakiwa pamoja, inatafuta ukweli, inaamua, na watu wanaondoka.

Lakini bendera iko wapi? Niliwahi kupanda kama baharia katika boti iliyokatizwa waziwazi, na nahodha akaagiza bendera ipandishwe. Tuliitafuta katika droo ya ramani, chini ya maboya ya ubavuni, kisha ndani ya mfuko wa matanga. Ilipatikana chini ya jiko, imeshikana kwa chumvi kama kitambaa cha kufutia mafuta, na tulipoifunga kwenye kamba ya nyuma inayoshikilia mlingoti dakika nyingi zilikuwa zimepita. Pingamizi letu lilikataliwa kwa kuchelewa, na lilistahili kukataliwa. Ifunge bendera yako kwenye kamba ya nyuma, imekunjwa, kwa utepe unaofunguka kwa kuvutwa, kabla hujaondoka gatini.

*Ngalawa na nyavu za wavuvi zinatuvurugia njia ya mbio. Je, hawapaswi kutupisha tukiwa kwenye mashindano?*

Hawapaswi, na swali lenyewe linanisikitisha. Kanuni zetu za mbio zinatuhusu sisi kwa sisi. Tunapokutana na chombo kisichoshindana, tunarudi kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, ambazo zinakitaka chombo cha matanga kikipishe chombo kinachovua kwa zana zinazokizuia kugeuka kwa wepesi, kama vile nyavu. Ngalawa inayosafiri kwa tanga bila kuvua ni chombo cha matanga sawa na chako: anayepokea upepo kushoto anampisha anayeupokea kulia. Meli iliyo ndani ya mlango mwembamba wa bandari isizuiwe na boti yoyote ya matanga, na anayebisha mbele ya gubeti lake, yaani ncha yake ya mbele, ili aokoe dakika tatu anacheza na roho za mabaharia wake.

Kanuni zikiishia hapo, mimi naendelea. Yule mvuvi yuko kazini. Nyavu zake zinaelea kwa madumu na chupa za plastiki ambazo nahodha aliyeketi upande wa joshi, macho yake juu ya tanga, hataziona hadi usukani umekuwa mzito ghafla. Weka mtu gubetini kila mnapopita karibu na mafungu na visiwa. Ukinasa wavu, shusha matanga, na umwite mwenye wavu kabla hujatoa kisu. Ukilazimika kukata, mtafute umlipe siku hiyo. Nimesikia nahodha akijisifu kwamba alikata na kuendelea, akaokoa nafasi ya tatu. Klabu inayompigia makofi mtu wa namna hiyo isishangae ikikuta maboya yake ya mbio hayapo asubuhi.

*Upepo ulizidi noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, na kamati haikuahirisha. Mmoja wetu nusura aanguke majini. Je, kamati haina hatia?*

Kanuni ya 3 inasema jukumu la kuamua kushiriki au kuendelea ni la boti yenyewe. Bendera ya ishara ya herufi Y ikipandishwa pamoja na sauti moja, kuvaa jaketi la kuokoa maisha ni lazima kwa wote. Isipopandishwa, akili yako bado ipo, kwa hiyo vaa. Katika mbio za Fastnet za mwaka 1979 washindani 15 walikufa, na katika zile za Sydney hadi Hobart za mwaka 1998 walikufa 6, na wengi wao walikuwa mabaharia wenye uzoefu kuliko sisi. Punguza tanga ukiwa bado unajiuliza kama ni lazima. Tena, fanyeni zoezi la kumwokoa aliyeanguka: tupeni dumu majini, na baharia mwingine ashike usukani badala ya nahodha, kwa kuwa huenda nahodha ndiye atakayeanguka.

*Upepo ulikufa na maji ya bamvua yakawa yanaturudisha nyuma. Tungeruhusiwa kutia nanga?*

Ndiyo, kwa kanuni ya 45, mradi mnaing'oa nanga na kuondoka nayo upepo ukirudi, isipokuwa kama haing'oki kabisa. Mkumbuke tu kuwa na kamba ndefu ya kutosha, iliyotengwa tayari gubetini.