Hiyo benki mimi naipiga deki

Mdogo wangu, sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Ati hapo Wete barazani wanasema Uingereza ukionesha pasi tu benki inakukopesha, na mimi roho ngumu sitaki kutuma pesa.

Hiyo benki mimi naipiga deki. Kuanzia saa nne usiku niko ghorofa ya saba, nasugua alama za vikombe vya kahawa kwenye meza ya viti ishirini. Mama alipolazwa niliomba mkopo, nikakataliwa, viza yangu fupi. Zile nilizotuma zilikuwa zamu yangu ya upatu, tunaocheza wafagiaji kumi. Na wakala akakata ada, kisha akakata tena kwenye kubadilisha pesa.

Juzi kwenye basi bibi mmoja wa hapa alinambia sisi wageni ndio tunaommalizia nafasi za daktari. Nikaitazama mikono yake. Imepasuka kwa sabuni, kama yangu.

Wallahi sikumchukia. Mwaka 2008 benki za huku zilikopesha hovyo mpaka zikakaribia kuanguka. Serikali ikatoa pauni bilioni 45 kuiokoa Royal Bank of Scotland peke yake. Kuanzia 2010 wakabana matumizi, maktaba na vituo vya vijana vikafungwa. 2011 VAT ikapanda mpaka asilimia 20, anailipa hata yule bibi. Kaumia kweli, lakini kaoneshwa mimi kuwa ndiye niliyemuumiza. Agosti 2024, huko Rotherham, watu walijaribu kuchoma hoteli ya waomba hifadhi, na waombaji wenyewe wamo ndani. Wiki ile mume wangu alinisindikiza kazini kila usiku.

Benki ikianguka, wenye hisa wabebe hasara mwanzo. Kodi iwafuate wenye mali. Na ada ya kutuma pesa ishuke: Umoja wa Mataifa umeweka lengo la chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, basi watubanie hao mawakala.

Na nyinyi, mkikosa kazi za hoteli Nungwi, msimwandame mtu wa bara. Kafuata riziki kama mimi. Ulizeni faida ya hoteli inalala nchi gani.

Usije. Shughulikia mikarafuu ya baba. Lakini kama moyo umeshatoka, soma ufundi wa umeme kwanza, usikanyage huku bila viza ya kazi, na sebuleni kwangu pa kulala papo. Ijumaa natuma. Ya kwenye basi mama usimwambie.