Kompyuta ya Gari: Anza na Umeme, Skrini Baadaye

Wengi wanaojitengenezea kompyuta ya gari (ya muziki na ramani, si ile inayoendesha injini) huanza kwa kununua skrini. Wanakata dashibodi, wanafunga kila kitu, halafu wakipiga stata kompyuta inazima. Hapo wanalaumu bodi au programu, kumbe tatizo ni umeme.

Zile volti 12 za gari ni jina tu. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, inasoma 12.6 hivi. Injini ikiwaka, alteneta inapandisha mpaka 13.8 au 14.4. Stata inapovuta, volti huporomoka hadi 9, na betri iliyochoka hushuka zaidi. Waya wa betri ukichomoka alteneta ikiwa inachaji, mruko wa umeme unaweza kupita volti 40. Ni kwa muda mfupi mno, lakini bodi haihitaji zaidi ya hapo kufa.

Kwa hiyo, ukitumia bodi ya Mini-ITX (bodi mama ndogo ya kompyuta), tafuta pawa saplai iliyotengenezwa kwa ajili ya gari, inayopokea kuanzia volti 6 hadi 30. Inverta achana nayo: inapandisha umeme hadi wa nyumbani, kisha adapta inaushusha tena, na kila hatua inapoteza nguvu kuwa joto. Ukitumia Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), inataka volti 5.1 na ampea 3 za kweli. Chaja nyingi za tundu la sigara zimeandikwa ampea 3 lakini hazizifikishi, na kebo nyembamba ya USB inakula sehemu ya kilichobaki. Volti zikishuka chini ya 4.63 Pi inaonyesha alama ya radi na kupunguza kasi. Ukiiona, badilisha kebo kwanza.

Nyaya ni tatu: wa moja kwa moja kutoka betri, wa ACC (unaopata umeme ufunguo ukiwashwa), na wa ethi (hasi, unaofungwa kwenye chuma cha gari). Kwa pawa saplai ya wati 90 hesabu ampea 10, kwa sababu volti zikishuka ampea hupanda. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 5 utapoteza kama volti 0.4, wa milimita 1 utapoteza karibu 0.9, na wakati wa stata huna volti za kuchezea. Weka fyuzi ya ampea 15 ndani ya sentimita 30 kutoka betri. Fyuzi hiyo inalinda waya, si kompyuta. Waya ukichunika kwenye bati kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuzuia moto. Waya unapopita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na ndani ya gari, weka raba.

Ethi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi. Spika zikitoa mlio unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, kompyuta na redio zimefungwa ethi sehemu tofauti. Zifunge sehemu moja kabla ya kukimbilia kununua kichujio cha kelele.

Sasa kuzima. Magari mengi hukata ACC wakati wa stata, kwa hiyo pawa saplai isubiri sekunde 10 hivi kabla ya kuamini kwamba gari limezimwa kweli. Kisha iiamuru kompyuta ijifunge, na baada ya dakika moja ikate umeme kabisa. Ukikata ghafla, memori kadi itaharibika leo au kesho. Ukisahau kukata, ampea 1 tu hunywa ampea-saa 24 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 inabaki nusu kesho yake. Pima kwa mita gari likiwa limelala, lakini usipige stata mita ikiwa katikati ya waya, utaiunguza. Kulaza kompyuta (sleep) badala ya kuizima siipendi: gari likikaa wiki mbili bila kuendeshwa utajua kwa nini.

Diski iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ya kuzunguka haipendi mashimo ya barabarani. Mahali pazuri ni chini ya kiti au kwenye buti, penye hewa. Juu ya dashibodi kuna joto la kuua: dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 60, na Pi huanza kujipunguza kasi ikifika 80.

Skrini sasa. Nyingi za inchi 7 zina mwanga wa niti 300 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), na mchana utaona uso wako tu. Tafuta ya 800 kwenda juu. Isizibe mfuko wa hewa (airbag) wala njia yake ya kufumukia, na nyaya za njano za mfumo huo usiziguse. Kompyuta ikikaa kwenye buti, pima njia ya kebo pamoja na kona zake zote: kebo ya USB ya mguso ikizidi mita 5 bila kikuza mawimbi, mguso utakuwa unapotea ovyo.