Rimu iliyogonga shimo: kunyoosha au kununua nyingine?

Pole sana ndugu. Umesema uligonga shimo, rimu ya aloi (mchanganyiko wa alumini) ikapinda ukingoni, na sasa usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa. Kabla ya kutoa hela, tairi livuliwe na rimu isafishwe, hasa upande wa ndani, maana nyufa nyingi hujificha huko.

Kama ni kupinda kidogo ukingoni tu, bila ufa, fundi mwenye mashine ya kunyooshea ataiweka sawa. Mikwaruzo nayo isikusumbue, ni sura tu. Ila ukiona ufa kwenye miguu ya rimu (ile inayotoka katikati hadi ukingoni) au karibu na matundu ya nati, nunua nyingine. Najua watakuambia inachomelewa. Usikubali, tafadhali. Aloi hupata nguvu kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa kuchomelea huidhoofisha pale pale penye ufa. Rimu ikikatika ukiwa kwenye mwendo, hutapata nafasi ya kujuta. Rimu ya chuma hupinda kabla ya kupasuka, na mpya huwa bei nafuu kiasi kwamba kuinyoosha ni kupoteza muda.

Kagua na tairi lenyewe: likiwa na uvimbe ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, halitengenezeki.

Ukinunua, vipimo vyote vilingane na vya zamani, si kipenyo tu: upana, idadi na nafasi ya matundu, na tundu la katikati. Kisha fanya balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), na kaza nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100.