Maswali na Majibu: Kuhakiki Kazi za Wapenzi wa Jinsia Moja

Nilisoma *Fun Home* (2006), kitabu cha katuni ambamo Alison Bechdel anasimulia utoto wake, kisha nikatazama mchezo wa muziki uliotokana nacho. Nivilinganishe katika uhakiki?

Vilinganishe, ila usiishie kuhesabu kilichoachwa. Angalia kilichogeuzwa. Chukua tukio la mgahawani. Alison bado mtoto, yuko na baba yake, mara anamwona mwanamke mwenye nywele fupi, mavazi ya kiume, kishada cha funguo kikining'inia kiunoni. Kitabuni, baba anamuuliza kwa ukali kama hivyo ndivyo anavyotaka kuonekana, na mtoto anakana. Jukwaani, mtoto huyohuyo anapewa wimbo mzima. Anazitazama zile buti na zile funguo, anatafuta neno la kusema anachokihisi, na neno halimjii. Woga umegeuka furaha.

Wapo watakaosema mchezo umelainisha mambo. Mimi sikubali. Alison wa utu uzima yupo jukwaani karibu muda wote akijitazama alivyokuwa. Anajua kwamba baba yake naye alipenda wanaume kwa siri, na anajua baba huyo aliishia vipi. Wimbo wa mtoto tunausikia huku Alison huyo wa utu uzima yupo, ndiyo maana unauma hata unapochangamsha. Hapo ndipo ningeanzia uhakiki. Mchezo ulitwaa Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, mwaka 2015, lakini usiitegemee tuzo ikusaidie kutoa hoja.

Mimi ni mwanamume mwenye mke. Nina haki ya kuhakiki kazi hizi?

Unayo. Soma kwanza wahakiki wanaoyaishi maisha hayo, kisha andika ulichokiona kwa macho yako. Usijipe kazi ya kuamua kama wahusika wanastahili kuwepo. Umeitwa kupima sanaa.

Mchezo ulikuwa dhaifu, lakini waigizaji walijitoa mhanga kuucheza. Niseme ukweli?

Sema. Sifa za kuonea huruma zinamdharau mtunzi, maana zinamchukulia kama mtu asiyeweza kuandika vizuri zaidi. Ujasiri wao utaje kwa heshima, kisha eleza ni onyesho lipi lililolegea na lililegea kwa nini.

Mwandishi hajawahi kusema anampenda nani, ila riwaya yake inaonyesha wazi. Nitaje?

Hapana. Mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba, hata uhai. Andika kuhusu wahusika wake.

Nimechoka kuona mpenzi mmoja akifa mwishoni. Nilalamike?

Inategemea kifo kinafanya kazi gani. Mwandishi Larry Kramer alipoonyesha mchezo wake wa kuigiza *The Normal Heart* mwaka 1985, UKIMWI ulikuwa ukiua watu New York huku viongozi wakikaa kimya. Kuacha kifo nje ya mchezo ule kungekuwa uongo. Lakini mhusika akiuawa ukurasa wa mwisho kwa sababu tu mwandishi hakujua la kufanya na watu wawili wanaopendana, lalamika, tena utaje ukurasa.